Togwa ya Siku ya Tatu

Akina mama wenzangu, kabla sijafungua mdomo, kila mmoja amshike mwenzake mkono, aape kwamba haya hayatavuka mlango wa kanisa hili. Mmeapa? Haya. Mimi nilipoambiwa niliapa vilevile, na jua halijazama nilikuwa nimeshawaambia wawili, na mama muuza maandazi akawa wa tatu. Kwa hiyo msinihukumu, nisikilizeni tu.

Leo tumeleta mavuno kushukuru. Kuna aliyeleta mahindi, kuna aliyeleta jogoo. Mimi nimeleta mfano.

Palikuwa na mama mmoja, mlezi wa kwaya katika kijiji kimoja, mcha Mungu hasa. Kanisani alifika kabla ya kengele. Lakini alikuwa na udhaifu wake, nao ni togwa. Mtasema togwa ina kosa gani, si hata watoto hupewa? Kweli. Ya siku ya kwanza ni tamu, ya siku ya pili inachangamka. Ya siku ya tatu mnaijua wenyewe, na msiangalie chini. Yeye kila juma alipika, na kila juma alisahau kuinywa mpaka siku ya tatu ifike.

Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye ghala la mazao. Ulevi ulikuwa umezidi, wake wanapigwa, na watu wa dini wakatunga sheria ndogo: atakayekutwa na kileo, vyungu vyake vivunjwe palepale, na jina lake lisomwe kila mkutano mwaka mzima. Nani aliipigia debe nyumba kwa nyumba? Mama huyohuyo. Na siku ya mkutano, kwa kuwa mkwewe alibaki nyumbani akifagia, na mkwe huyo ana pua ya kunusa, mama akaona dumu lake la togwa lisiachwe nyuma. Akakaza kifuniko, akalitia kikapuni, akalifunika kanga, akalisukuma chini ya benchi. Na bati la ghala lile, saa saba mchana, mkate ungeiva.

Akasimama mwalimu mstaafu, ambaye kanisani haingii na msikitini haonekani.

"Anayempiga mke ashikwe kwa kumpiga mke," akasema. "Hilo naliunga mkono. Lakini aliyekunywa kikombe akaenda kulala, kamkosea nani?"

"Kamkosea Mungu," mama akadakia.

"Basi si Mungu yupo, mama? Atamalizana naye. Mwenyekiti wa kijiji anaingiaje hapo?"

Watu wakaguna. Mama akamgeukia. "Mwalimu, wewe hata sala ya chakula huijui. Leo utufundishe dhambi?"

"Dhambi nawaachia ninyi, mna uzoefu nazo. Mimi naomba kifungu kimoja tu. Kabla ya kuvunja chungu cha mtu, mwenyewe asikilizwe kwanza."

"Aseme nini? Kileo ni kileo."

Mwenyekiti akaona wasije wakashikana mashati, akapigisha kura. Sheria ikapita. Kisha kifungu cha mwalimu. "Wanaokubali?" Mikono ikanyooka, mingi kuliko mama alivyotegemea, hata ya waimbaji wake mwenyewe. "Wanaopinga?"

Mama akanyoosha wake juu kabisa.

Chini ya benchi, kifuniko kikaruka. Kikagonga bati la juu, povu likampanda mama mpaka kwenye kilemba, na harufu ikazunguka ghala zima bila kumruka mtu. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Tumwache hapo kidogo, wapendwa. Sisi tunaosali, ni mara ngapi tumeiomba serikali itushikie fimbo ambayo mioyoni mwetu imetushinda? Na tunapoiomba, huwa tunaipima kwa mgongo wa nani? Sisemi pombe ni nzuri. Mimi kaka yangu nimemzika kwa pombe, na sheria lazima iwepo. Nasema hivi: tunapomshukuru Mungu kwa mvua na ulezi, tumshukuru pia kwa yule jirani asiyesali nasi, anayeuliza lile swali ambalo sisi kwa sisi tunaoneana haya kuulizana. Nani kawaambia hakutumwa? Mtu anaweza kutumwa na asijue.

Turudi ghalani. Wanaume wawili walikuwa wameshainuka kwenda kuvunja vyungu vya mama. Mwalimu akawazuia kwa kiganja.

"Kifungu kimepita," akasema. "Asikilizwe kwanza."

Akatoa leso yake mfukoni, akafuta benchi. "Kaa, mama. Tunakusikiliza."

Kijiji kizima kikamgeukia. Mama akashusha mkono taratibu, povu likimdondoka kiwikoni.

"Asante, mwalimu," akasema. Akalitazama lile dumu. "Ni ya siku ya tatu."