Kamba za Majimoto

Mpo? Kama mpo, tegeni masikio.

Palikuwa na Chitanda na mkewe Somoe, wenye mikorosho kumi na miwili. Hawakuinyunyizia dawa yoyote. Walinzi wao walikuwa majimoto, wale chungu wekundu wenye meno makali, na Somoe aliwafungia kamba toka mti hadi mti wapate kupita. Malkia wao alikuwa amemwambia, "Tutalinda shamba, nanyi mtavumilia meno yetu."

Siku moja akaja mzee na mfuko wa majivu, akasimama nje ya shamba. "Mwanangu, nyunyiza haya, hamtaumwa tena." Chitanda akakataa. Akaja mara ya pili, akasimama palepale. Chitanda akakataa. Mara ya tatu Somoe alikuwa ameumwa hata mikono imevimba, hawezi kumega ugali. Chitanda akamwonea huruma, akayapokea majivu, akayanyunyiza usiku bila kumwambia.

Kulipokucha chungu wote walikuwa chini, wamekufa. Somoe akaingia na tenga lake kuokota mabibo. Yule mzee naye akaingia, na kila hatua akazidi kuwa zimwi. Likammeza Somoe na tenga lake. Kumbe siku zote lilisimama nje kwa kuwaogopa chungu.

Mpaka leo Chitanda hufunga kamba mpya kila asubuhi, kisha huulaza mkono wake juu ya tawi.

"Niumeni," husema, na hungoja mpaka jua linapotua.

Ngano yangu nimeiacha juu ya tawi hilo. Anayeweza kuishusha na aishushe.