Jogoo wa Mama Msengi

"Mgeni njoo, kuku wako angoje."

Vijana waliyasikia maneno hayo mkutanoni asubuhi, mwenyekiti alipomkatiza jamaa aliyekuja mbio na uvumi. Walicheka, ila hawakujua yalikotoka. Wakamfuata Mzee Irunde, aliyekuwa akipaka chokaa banda lake la kuku.

"Mnaijua ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone?" akasema bila kuacha kazi. "Hii ni mdogo wake. Imezaliwa kijijini hapa, nami nilikuwapo. Ilianza hivi."

Palikuwa na mama mmoja, Mama Hango, mwenye kuku thelathini na wanne. Miaka miwili kabla ya hapo kideri, ugonjwa unaofagia kuku, kilikuwa kimepita kikamwachia mtetea mmoja tu. Kideri hakina mzaha. Leo kuku anajikunyata, kesho shingo imepinda, keshokutwa unachimba shimo. Dawa hakina. Kina chanjo, na chanjo hutangulia ugonjwa, haiufuati. Kwa mtetea yule mmoja, Mama Hango alianza upya, yai kwa yai.

Sasa kuku wale walikuwa na kazi. Baada ya wiki tatu binti yake, Neema, angeolewa na Msengi wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na kulisha wakwe mboga za majani ni aibu itakayowafikia wajukuu. Mchanjaji alikuwa bado hajafika. Na wiki hiyo wawindaji walisema wameona kanga wa porini wamekufa, wamelala ovyo vichakani.

Mama wa bwana harusi akaja na jogoo mwekundu. Desturi ilikuwa wazi: jogoo huyo huingizwa bandani siku hiyo hiyo, na mama wa bibi harusi, kwa mikono yake, watu wakiona. Akiingia, koo mbili zimekuwa moja. Asipoingia, posa imekataliwa.

Mama Hango akampokea jogoo katikati ya vigelegele. Akauliza, kama mtu anavyouliza hali ya nyumbani, "Mzaa mwenzangu, kwenu kuku hawajambo?"

"Hawajambo," akajibu Mama Msengi. "Wana mafua kidogo tu, ya upepo huu."

Mafua! Mama Hango akasimama mlangoni mwa banda. Mwaka ule wa kideri naye alisema ni mafua. Alisema mafua mpaka alipozika wa arobaini.

Vigelegele vikafifia.

"Mbona humwingizi?" akauliza shangazi wa bwana harusi. "Au mlango umesinyaa?"

"Mlango ni mpana," akasema Mama Hango. "Mgeni njoo, kuku wako angoje."

"Angoje nini? Apigwe picha?"

"Angoje siku kumi na nne, kwenye jiko la zamani kule mwisho wa uwanja. Akitoka mzima, nitamwingiza mwenyewe huku nikicheza."

Mama Msengi akamkazia macho. "Umemkataa mwanangu."

"Mwanao nimemkaribisha. Wewe nimekukaribisha, keti ule. Ninayemngojesha ni huyu mwenye manyoya."

Mama Msengi alikula matonge matatu, akaondoka bila kuaga. Neema akalia. "Mama, umenivunjia harusi kwa sababu ya kuku!"

Mama Hango akampeleka jogoo kwenye jiko la zamani. Kila siku alilisha kuku wake kwanza, kisha jogoo mwisho, kwa chombo chake peke yake, halafu akanawa mikono na miguu kwa sabuni. Majirani walimwita mama kuku. Siku ya nne jogoo alijikunyata. Siku ya sita shingo ikapinda, akawa anatazama paa. Siku ya saba akafa. Mama Hango akamzika kwenye shimo refu, akalia kweli, maana aliwaza, sasa watasema nimemuua.

Kesho yake Mama Msengi akaja. Hakuingia uwanjani. Alisimama nje ya ua, viatu mkononi.

"Mzaa mwenzangu, nisikaribie," akasema. "Kwangu hakuna tena anayewika."

"Pole, mwenzangu."

"Na jogoo?"

"Tumemzika jana."

Wakatazamana juu ya ua. Mama Msengi akaanza kutikisika mabega, na Mama Hango akadhani analia. Kumbe anacheka. "Mafua gani yale!"

"Mafua ya kuchimbiwa kwa sururu!" akajibu Mama Hango, naye akacheka mpaka akashika ua.

Harusi ilifanyika siku ile ile iliyopangwa. Wakwe walikula kuku wakalamba vidole, na shangazi yule mwenye mdomo alirudia mara mbili.

Miezi ilipita. Mama Hango, kuku wake wote wamechanjwa, akamchagua mtetea mzuri kuliko wote, akamtia kwenye tenga, akavuka mto kwenda kumwanzishia mwenzake banda jipya. Alitembea kifua mbele. Mama Msengi alimwona kwa mbali, akaja mbio, akamkumbatia, akamvuta mkono kuelekea ndani. Kisha jicho lake likaangukia tenga.

"Huyu amechanjwa!" akasema Mama Hango haraka. "Nimemshika mwenyewe, mchanjaji akamdondoshea chanjo jichoni!"

Mama Msengi akalichukua tenga taratibu, akaenda kulitundika kwenye kibanda kilichokuwa peke yake nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akarudi akitabasamu.

"Chai iko tayari, mzaa mwenzangu. Mgeni njoo. Kuku wako angoje."