Mboni wa Nani?

Sogeeni, na mwenye kelele azimalize sasa, maana hii ni kesi na mahakimu ni ninyi. Mimi imeninyima raha wiki nzima. Sasa iwanyime na ninyi.

Palikuwa na waandishi watatu, na wote waliandika habari za mwanamke mmoja wa kubuni aitwaye Mboni, msaka hazina, katika vitabu vya kusisimua vilivyosomwa mpaka majalada yakachanika. Mzee Gwakisa aliandika kitabu cha kwanza. Kipaji chake kilikuwa nguvu: Mboni wake alipanda majabali, hakulia, hakuomba msaada wa mtu. Gwakisa alipougua macho kwa muda, Bi Salha akaandika cha pili. Kipaji chake kilikuwa moyo: Mboni wake alitetemeka, alilia, aliita watu kwa majina. Wasomaji walikuja juu. "Huyu si Mboni, huyu ni mgonjwa!" Salha akachoka kutukanwa, akamwachia kalamu Mwalimu Kihwelo. Kipaji cha huyo kilikuwa utulivu, na Mboni wake, yule yule aliyekuwa hashauriki, sasa alimsikiliza kikongwe mmoja na kumtii. Kelele zikaanza upya: shujaa gani anaamrishwa na kikongwe?

Sasa njooni Rungwe, kwa msichana Tumpe wa miaka kumi na mitatu, aliyevisoma vyote vitatu na kumkasirikia Mboni katika viwili. Asubuhi moja ya mvua alikuwa akirudi kutoka kuchanja kuni na dada yake Atu. Wakakatiza kando ya shimo la zamani la udongo wa matofali, ukingo ukameguka, wakaporomoka wote wawili. Atu akavunjika mguu. Shimo lilikuwa refu kupita nyumba, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia.

Maji yalipofika magotini, Tumpe alikumbuka kitabu cha kwanza. Mboni wa Gwakisa alichonga vidato ukutani kwa kisu chake. Tumpe alikuwa na panga la kuni. Akachonga, viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, hakuacha. Kwa vidato vile alimsukuma na kumvuta dada yake mpaka mahali ambapo ukuta ulijitokeza kama benchi, maji hayafiki. Bila kitabu hicho Atu angezama.

Lakini sikilizeni upuuzi huu. Saa tatu nzima Tumpe alichonga vidato vingine kando, kuelekea ukingoni, bila kufungua kinywa.

"Piga kelele basi!" Atu alimwambia. "Mimi kifua kimenibana, sauti haitoki."

"Mboni hapigi kelele."

"Mboni gani? Tunakufa hapa!"

Ndipo kikamjia kitabu cha pili, alichokuwa amekitupa chini ya kitanda kwa hasira. Mboni wa Salha, alipofungiwa pangoni, alilia bila aibu mpaka akasikika. Tumpe akalia. Akaita mama, akaita majirani kwa majina yao, akaita hata wale aliogombana nao juzi. Huko juu jirani yao, Mama Sekela, alikuwa akikata majani ya ng'ombe, akasikia. Bila kilio hicho, nani angekuja kuchungulia shimo lililoachwa?

Mama Sekela alipochungulia, alimkuta Tumpe ameshashika vidato vile vya kando, anapanda.

"Usipande, mwanangu! Ukingo huo hauna kitu chini. Kaa na dada yako, naita watu waje na ngazi."

Kukaa! Maji yanapanda, viganja vinawaka moto, na mtu anamwambia akae. Miguu yake ilikataa kutulia. Akamkumbuka Mboni wa Kihwelo, aliyekatazwa na kikongwe kuvuka daraja bovu, naye akameza kiburi, akangoja. Tumpe akashuka, akamkumbatia Atu, akangoja huku akinung'unika. Muda si mrefu ukingo ule ukaanguka wote, pamoja na vidato vile vya kando. Ngazi ilipofika, ikateremshwa upande wa pili, na wasichana wote wawili wakatoka hai.

Habari zikamfikia mchapishaji wa vitabu vya Mboni. Alikuwa anatafuta mtu wa kuandika kitabu cha nne, cha mwisho, na wasomaji walikuwa wamemchosha kwa swali moja: Mboni wa kweli ni yupi? Akaamua mwandishi awe mmoja tu, na vitabu vya wenzake wawili visichapwe tena kamwe. Akasema achague Tumpe, aliyeokolewa na vitabu vyote vitatu. Waandishi wakaja wenyewe mpaka nyumbani kwao.

"Mimi nilimtoa dada yako majini," alisema Gwakisa. "Mboni wangu akifutwa, sina nilichoacha duniani."

"Na ukamfunga huyu mtoto mdomo saa tatu," Salha akamjibu. "Mimi ndiye niliyemfungua. Nimetukanwa miaka yote kwa kilio kile kile kilichowaokoa."

"Angepanda baada ya kulia, je, asingefukiwa?" akasema Kihwelo. "Kungoja ndiko kulikomleta hapa."

Tumpe akapewa karatasi. Kila jina alilotaka kuliandika, aliwaza mawili yatakayofutwa: mara alimwona Atu anazama, mara wamekufa kimya, mara wamefukiwa. Akamgeukia dada yake, ambaye mguu wake ulikuwa bado haujapona, na ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavisoma vitabu vile.

"Dada, nisaidie. Nimwandike nani?"

Atu akafunga kitabu. "Mwandike unayemtaka. Ila ujue, msichana atakayetumbukia baada yetu atakuwa na Mboni mmoja tu, yule utakayembakiza."

Mchapishaji kasimama mlangoni, anataka jina. Karatasi bado nyeupe. Haya, mahakimu, semeni. Gwakisa, Salha au Kihwelo: je, wewe ungeandika jina la nani, na ungewatazamaje usoni wawili waliobaki?