Mtoto wa Omu Kumi na Mbili

Hapo zamani, kabla nguzo za umeme hazijapanda milima ya Rungwe, palikuwa na kijiji chenye umeme wake chenyewe. Fundi Ambakisye alifunga gurudumu mtoni, akaliunganisha na dainamo, na zahanati ikawaka taa. Wageni walipouliza umeme umetoka wapi, watu walijibu, "Umetoka kwa Ambakisye."

Msimu mmoja wa mvua, Subilaga alijifungua binti wa miezi saba. Mtoto alikuwa mdogo, unamfunika kwa viganja. Mama mtu alipoteza damu, hata mikono haikuinuka. Daraja lilikuwa limesombwa, hospitali haifikiki. Na baridi ya Rungwe mnaijua.

Nesi Tulinagwe akafungua vifungo vya gauni lake, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. "Nitamshika," alisema. "Lakini nitengenezeeni sanduku la joto. Na mkaa sitaki, moshi utamuua."

Ambakisye alikuwa na waya wa jiko la umeme. Akakata kipande, akachukua sanduku la mbao akifunge humo na kukiunga moja kwa moja kwenye dainamo.

"Ngoja, Fundi!" Mwalimu Bupe akamshika mkono. "Tupime kwanza."

"Mtoto anakufa, wewe unataka kupima?"

"Ndiyo, kwa sababu anakufa."

Wakakiunga kipande kile kwenye betri ya lori. Volti kumi na mbili, ampea nne. Mwalimu akagawanya volti kwa ampea: ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubana umeme, omu tatu.

"Dainamo yako inatoa volti ngapi?"

"Sitini. Na isizidi ampea tano, itaungua."

"Sasa sikia. Sitini gawa kwa tatu, ampea ishirini. Ungeiua dainamo, na joto lingekwisha. Sisi tunataka ampea tano. Sitini gawa kwa tano, omu kumi na mbili. Unga vipande vinne kama hiki, kimoja nyuma ya kingine."

"Na joto litatosha?"

"Sitini mara tano, wati mia tatu. Litatosha."

Ambakisye akaunga vinne. Waya ukapata moto taratibu, sanduku likawa vuguvugu kama kitanda kilichotoka kulaliwa. Muda wote huo Tulinagwe hakuketi, hakula, hakumpokeza mtu mtoto.

Binti akaishi. Akanenepa, akalia kwa sauti ya kuudhi majirani, na kijiji kizima kikatembea kifua mbele. Siku ya kumtoa nje, Subilaga alisema, "Nitampa jina la aliyemwokoa."

Ambakisye akasimama. "Bila umeme wangu, hesabu ni chaki ubaoni."

"Jina la mwanamume kwa binti?" mtu akauliza.

"Kwetu jina halina gauni wala suruali!" Ambakisye akajibu.

Mwalimu Bupe akasimama. "Bila hesabu yangu, umeme huo ungekuwa majivu."

Tulinagwe hakusimama. "Mlipokuwa mnabishana," alisema, "alikoma kupumua mara mbili. Nilimpulizia pumzi yangu. Sanduku lenu lilimpokea mtoto, halikupokea maiti."

Subilaga akawatazama watatu wale, akamtazama binti yake, akawageukia watu waliokusanyika.

Basi nanyi mliosikia, msaidieni mama huyu: binti aitwe Ambakisye, aitwe Bupe, au aitwe Tulinagwe?