Jina Moja Chini ya Mama wa Shaba

Hapo zamani, wala si zamani ya raha, mji wa Kwamawe ulikuwa na machimbo ya mawe, na machimbo yalikuwa na minyororo. Jumbe Shebughe alitaka ngome. Aliyechelewa kazini alifungwa mnyororo. Aliyenung'unika alifungwa mnyororo. Semboja, mume wa Bi Mboni, hakuchelewa wala hakunung'unika. Yeye alimtemea Jumbe mate usoni, mchana kweupe, akafia machimboni na pingu mguuni.

Siku watu walipochoka, walichoka kwelikweli. Walivunja gereza, wakamnyang'anya Jumbe fimbo ya utawala, wakamwachia kiti tu. Kisha wakasema: tusimamishe sanamu palepale machimboni, wajukuu wetu wasije wakaambiwa hayakutokea. Kila nyumba ikatoa shaba yake, sinia, birika, bangili za harusi. Bi Mboni hakuwa na shaba. Alitoa mnyororo wa Semboja, uliorudi na maiti yake, aliokuwa ameuficha chini ya kitanda miaka saba.

Akasimama mama wa shaba, mrefu kama mnazi. Mkono wa kulia ameinua nyundo ya kuvunjia mawe. Mguu wa kushoto amekanyaga mnyororo, uleule wa Semboja, umekatika vipande viwili. Na uso wake ameuelekeza ngomeni, ili Jumbe kila akifungua dirisha akutane naye.

Siku ya kumfunua, Bi Mboni alisogea aupapase ule mnyororo. Akaona maandishi kwenye jiwe la chini. SHEBUGHE.

Damu ilimchemka. Alinyakua patasi na nyundo, akalipiga lile jina, akalipiga, akalipiga mpaka likawa vumbi. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Jumbe, kitini pake, alicheka tu.

"Piga, mama, piga. Desturi si unaijua?"

Aliijua. Kwamawe, ukifuta jina kwenye jiwe sharti uandike jingine kabla jua halijazama. Likizama pakiwa patupu, aliyefutwa hurudishwa, na kumfuta mara ya pili ni mwiko. Na pale palipochimbika palitosha jina moja tu.

"Basi anaandikwa Semboja," alisema Bi Mboni.

"Subiri, dada yangu," alisema Mhina, mchongaji. "Semboja namheshimu, lakini sanamu hii hakuigusa. Mimi nimeiota, mimi nimelichonga umbo lake kwa nta miaka mitatu kabla ya shaba kumiminwa, mpaka mke wangu akarudi kwao. Nyundo ni wazo langu. Kugeukia ngome ni wazo langu. Bila mimi mngekuwa na rundo la masinia. Niandikwe mimi."

"Na lile jina nililolifuta, nani alilichonga?"

Mhina aliangalia chini. "Jumbe aliniita. Niliogopa."

"Uliogopa! Miaka mitatu unachonga uhuru, halafu unaogopa mtu asiye na fimbo!"

Akajitokeza Sekibaha, mhunzi, mkono wake wa kulia umekatika kwenye kiwiko. Huyu ndiye aliyeyeyusha shaba. Wakati wa kuimimina, kalibu ya udongo, ile inayoipa shaba umbo, ilipasuka penye bega la sanamu. Shaba ikivuja kabla haijajaa, kazi yote imeharibika. Sekibaha alifunga gunia bichi mkononi, akaziba ule ufa, akaushikilia mpaka shaba ikajaa.

"Mama yule ana mkono kwa sababu mimi sina," alisema. "Niandikwe mimi."

Watu wakaguna kwa huruma. Bi Mboni hakuguna. Aliinama, akaishika pingu ya mnyororo, akaigeuza juu. Ilikuwa na alama ya mistari mitatu, alama ambayo kila mwenye jembe Kwamawe aliijua.

"Hii ni alama ya nani, Sekibaha?"

"Yangu."

"Mume wangu nani alimfunga?"

"Mimi. Kwa mkono huohuo ulioungua. Nililazimishwa, Bi Mboni. Asiyefua naye alifungwa."

"Semboja hakulazimishika!" alifoka, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye mawe. "Mmoja kafua pingu, mmoja kachonga jina la aliyeziamuru, na wote mnataka kuandikwa! Hamna haya? Mume wangu ndiye aliyeanza. Bila yale mate msingevunja gereza, na bila gereza kuvunjwa hakuna sanamu!"

Sekibaha akasema polepole, "Usiku wa siku ile ya mate, askari walipomfuata Semboja, mlango ulikuwa na komeo. Nani alilifungua?"

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza Bi Mboni.

"Walisema wanamuuliza neno moja tu," alijibu. "Moja tu."

Hapo hasira yake ikakosa pa kwenda. Aliinua macho akamtazama mama wa shaba, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa amekificha Mhina: ule uso ulikuwa wake mwenyewe, Mboni, siku ile alipokuwa akitoka kumzika mumewe.

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya ngome. Jumbe alikuwa ameacha kucheka, anahesabu pumzi. Bi Mboni akaweka ncha ya patasi kwenye jiwe.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Asiniambie mtu waandikwe wote, nafasi ni ya jina moja. Wala asiniambie paachwe patupu, maana patupu ni pa Jumbe. Aliyeiota sanamu akaogopa, aliyeungua mkono uliofunga pingu, aliyetema mate akafa, au mwenye uso aliyefungua mlango? Jua linazama. Je, nani alistahili?