Mifugo ya Dola Kuu

Siku si nyingi zilizopita, nchi ya Kwezu ilipata kuwa dola kuu kuliko zote duniani, na mtawala wake, Mtukufu Ngwilizi, akavimba kichwa. Aliziita nchi ndogo zote zije kutia saini kwamba kila kilichomo duniani ni mali ya Kwezu. Itakayokataa itafutwa kwenye ramani.

Nchi ya Mchelea ilimtuma Bi Sikudhani, muuza vitumbua, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na viatu vya safari.

"Natia saini, Mtukufu," alisema, "ila nisije nikakupunja. Mito ni yako?"

"Yangu."

"Na vinavyotambaa?"

"Vyangu!"

"Na vinavyoruka?"

"We mama, hata mbu ni wangu! Andika vyote!"

Bi Sikudhani akaandika vyote, akatia saini. Mtukufu akagonga muhuri, mizinga ikalia. Ndipo yule mama akaifunga nakala yake kwenye pindo la kanga.

"Sasa, Mtukufu, kwetu mnyama akiingia shamba la mtu, mwenyewe huja kumtoa. Nzige wako wamo kwenye mtama wetu tangu juzi."

Mtukufu akautazama muhuri wake. Akiwakana nzige, amekana vyote.

Kesho yake jeshi zima la dola kuu lilikuwa Mchelea na fimbo mkononi, linaswaga nzige. Jenerali, jasho likimtiririka, akauliza wawapeleke wapi.

"Jamani, baba, mifugo hurudishwa wapi? Si kwao!" alisema Bi Sikudhani, akanyoosha kidole kuelekea Kwezu.