Mwali wa Darasa la Nne

Huko Kwamndolwa, pembezoni mwa mji wa Korogwe, watoto hushinda kwenye majaruba ya mpunga, maji yakiwafika magotini. Faudhia, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa mmoja wao. Siku alipoona damu alimwambia bibi yake, na Bi Hajira hakuuliza swali lolote. Alitandika mkeka katika chumba cha ndani, akamwita binti yake Mwaija, shangazi wa mtoto, awe kungwi, akatangaza kwamba mjukuu wake amevunja ungo. Tangu hapo Faudhia aliwekwa ndani, akakatazwa kumweleza mtu habari za mwili wake.

Shuleni, Mwalimu Grasiana ndiye aliyefundisha somo la afya. Usafi wa meno na lishe alivieleza kinagaubaga. Sura ya kichocho aliipitia kama apitaye juu ya makaa, kwa kuwa ilimlazimu kutaja mkojo na sehemu za siri mbele ya wavulana wenye kucheka. Nafasi ya Faudhia ilipozidi kuwa tupu, mwalimu alikwenda kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umemfuata mwanafunzi, hayupo. Aliyepo ni mwali."

"Faudhia bado mdogo sana, bibi."

"Mpunga haukomai wote siku moja, mwalimu. Na wewe hujaolewa, utanifundisha mimi unyago?"

Grasiana akauliza kile alichokikwepa darasani. "Damu inatoka wakati wote, au anapokojoa tu?"

Bi Hajira aligeuza uso. "Maneno hayo hayasemwi uani."

"Anapokojoa tu," alijibu Mwaija kutoka mlangoni. "Na inamchoma."

"Mwaija, funga mdomo."

"Niliufunga, mama." Sauti yake haikupanda. "Yangu ilianza hivihivi, sijaota hata matiti. Ukaniambia ninyamaze. Nimeolewa mara mbili, nimeachwa mara mbili, kwa kuwa sizai. Huyu sitamnyamazisha."

Bi Hajira aliingia ndani, akatoka na mjukuu wake akiwa amemfunika kanga mabegani. "Mpelekeni," alisema.

Hospitalini mkojo wa Faudhia ulipimwa, yakaonekana mayai ya kichocho. Alipewa vidonge, akapona. Mwaija naye alipimwa. Daktari alimweleza kwamba kichocho kisipotibiwa huweza kuharibu kizazi. Kwamba ndicho kilichoharibu chake, hakuweza kuthibitisha; ila makovu aliyoyaona yalikuwa ya zamani, na dawa haiyafuti.

Faudhia aliporudi darasani, Mwalimu Grasiana aliirudia sura ya kichocho, akataja kila kiungo kwa jina lake. Wavulana wa nyuma walicheka. Aliwangoja wamalize, akaendelea. Kipindi kilipokwisha, wawili kati ya waliocheka walibaki vitini mpaka wenzao wakatoka, ndipo wakamsogelea.

Ugonjwa wa Faudhia ulisemwa, ukatibiwa. Wa Mwaija ulifichwa, naye hana mtoto wa kumwita mama. Kweli, mficha uchi hazai.